Spea za baskeli Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Benchi langu la ufundi liko chini ya mwembe, Pemba, na maswali yaliyomo humu ndiyo wanayonijia nayo watu wakiwa wameikokota baskeli kwa mkono. Wengine hunipigia simu kutoka Unguja. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale yanayomkuta mtu mara moja kwa miaka. Ukiona nimekupeleka kwenye swali jingine, nenda kasome huko, maana sipendi kusema jambo moja mara mbili.

## Kabla hujatoa pesa

Kwa nini spea hapa kwetu hazikai? Baskeli kama hii bara inadumu miaka.

Chumvi. Upepo wa bahari huileta, hutua juu ya chuma, na chumvi yenyewe huvuta unyevu wa hewani. Kwa hivyo chuma hubaki na majimaji hata wiki isiyonyesha. Kromu inayong'aa ina vitobo vidogo ambavyo jicho halivioni. Chumvi hupenya humo, kutu ikala kutoka chini, na siku moja kromu inabanduka kama magamba ya samaki. Baskeli ya Paje au Jambiani inayopita ufukweni maji yakiwa yametoka ndiyo kabisa, inaogeshwa chumvi kila siku.

La pili ni njia zetu za mawe. Ukipita Makunduchi au Micheweni, ule unga mweupe wa mawe hushikana na mafuta ya cheni ukawa msasa. Cheni haichakai kwa safari, inachakaa kwa kusagwa.

Kwa hivyo ninapoulizwa spea ipi itadumu, mimi huangalia mambo mawili: itashika kutu upesi kiasi gani, na ikiharibika fundi wa karibu ana spana yake. Spea nzuri mno ambayo kisiwa kizima hakina chombo cha kuifungulia ni pambo.

Nitajuaje kipimo cha kununua?

Chukua spea kongwe uende nayo dukani. Ndiyo, hata kama imekatika vipande viwili, chukua vyote viwili. Mtu akitoka Konde mpaka Chake kununua ekseli ya nyuma kwa kukisia, mara nyingi hurudi na ya mbele. Kama spea haitoki kwenye baskeli, piga picha ya maandishi yaliyogongwa juu yake, kisha pima kwa rula ya milimita. Futi ya fundi cherehani haitoshi hapa, kwa sababu kati ya kipimo na kipimo mara nyingine pana nusu milimita tu.

Muuza duka ananiambia ni "orijino". Niamini?

Neno hilo siku hizi halina uzito, na boksi linachapishwa popote. Iamini mikono yako. Nati iingie kwa vidole mpaka mwisho bila kukwaruza. Ekseli uiviringishe juu ya kioo cha meza ya duka: ikirukaruka imepinda toka kiwandani. Gololi zisiwe na madoa. Pedeli uizungushe karibu na sikio, ikilia kama inasaga mchanga irudishe.

Watu hupenda kutumia sumaku kutambua chuma kisichoshika kutu. Inasaidia, lakini ina mtego wake: spoku za stenlesi, kwa vile zimevutwa kiwandani ziwe nyembamba, huweza kunasa sumaku kidogo. Ikinasa kwa nguvu kama msumari, hiyo si stenlesi. Ikigusa kivivu, huenda ni yenyewe.

Ninunue mpya ya bei rahisi au ya mtumba?

Inategemea ni spea gani. Mkono wa pedeli, habu (kitovu cha gurudumu, kinamopita ekseli), ringi, keria na usukani kutoka baskeli kuukuu ya Japani au Ulaya mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei ya chini. Chuma chake kilipikwa vizuri. Lakini usinunue ya mtumba cheni, friwili (ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma), waya wa breki wala tairi. Hivyo ni vitu vya kuliwa, na aliyetangulia keshakula sehemu yake.

## Magurudumu

Nimenunua tairi ya inchi 26 kwa ringi ya inchi 26, haiingii. Nimeibiwa?

Hukuibiwa. Hili ndilo swali linaloniletea watu wengi kuliko yote, basi nalieleza taratibu.

Ile "26" ni jina tu la kizamani, si kipimo cha mahali tairi inapokaa. Tairi ya baskeli ya mlimani, iliyoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Tairi ya 26 x 1⅜, ambayo ni ya baskeli nyingi za kina mama zinazokuja kutoka Japani, hukaa kwenye milimita 590. Tofauti ni zaidi ya sentimita tatu, hakuna nguvu itakayoifuta. Ushike mkato huu: zenye nukta ni familia moja, zenye sehemu kama ⅜ ni familia nyingine.

Dawa ni kusoma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 37-590 au 40-635. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo kipimo cha ringi kwa milimita. Namba ya pili ikilingana, tairi inaingia. Isipolingana, usilipe.

Na za inchi 28 je?

Mtego ule ule. Baskeli ndefu nyeusi za Phoenix na Hero zenye breki za fimbo kwa kawaida hutumia 28 x 1½, yaani milimita 635. Baskeli nyingi za mtumba kutoka Uholanzi na Ujerumani nazo huandikwa 28, lakini ni 622. Za 635 mafundi wamezizoea. Za 622 chagua kwa uangalifu, na ukipata mbili nunua mbili.

Ipo pia tairi ya Kijapani ya 27 x 1⅜, milimita 609. Hiyo ni yatima, haina ndugu popote. Ukiletewa baskeli nzuri ya bei nzuri yenye magurudumu hayo, itazame, isifie, umwachie mwenyewe, labda iwe imekuja na tairi za akiba.

Tyubu inapoteza upepo usiku kucha lakini kwenye maji haitoi povu. Kwa nini?

Tazama valvu. Baskeli zetu nyingi zina ile valvu ya zamani yenye kimpira kidogo kama mrija, kilichovishwa kwenye pini. Joto hukikausha, kinapasuka, upepo unatoroka polepole. Kimpira ni kitu cha bei ndogo sana, na nimeona watu wakitupa tyubu nzima kwa ajili yake. Kibadilishe, lowesha mate kidogo kiteleze, kaza nati. Kisha tia maji ya sabuni juu ya mdomo wa valvu. Usipoona povu, umemaliza.

Tairi imechanika ubavu. Inashoneka?

Inashoneka, na wapo mafundi wanaoshona vizuri kwa uzi wa nailoni. Ndani uweke kipande cha tairi kongwe kilichochongwa kingo zake ziwe nyembamba, la sivyo kitaila tyubu. Lakini tairi hiyo ihamishie gurudumu la mbele kama unabeba mizigo nyuma, na ihamishie nyuma kama unaishi penye miteremko mikali. Najua shauri hili linapingana lenyewe. Mwenye mizigo na miteremko pamoja, anunue mpya.

Spoku za nyuma zinakatika kila baada ya siku chache, tena upande wa cheni. Nifanyeje?

Upande wa cheni spoku hukazwa zaidi kuliko upande wa pili kwa sababu ya nafasi ya friwili, na uzito wote wa keria uko hapo. Zikilegea chache, kila mzunguko hujikunja na kujikunjua shingoni mpaka zinachoka. Ndiyo maana hukatikia pale kwenye kiwiko, si katikati.

Ikikatika moja, badilisha moja. Zikifika tatu ndani ya mwezi, zile zilizobaki nazo zimeshachoka. Fumua gurudumu zima uweke seti mpya. Chukua spoku kongwe ya upande ule ule, pima kutoka ndani ya kiwiko mpaka ncha ya hesi, ile mikato ya kukazia nati. Kwa mizigo, chagua zenye unene wa milimita 2. Baskeli za mtindo wa Kiingereza huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, basi hesabu matundu ya habu na ya ringi kabla ya kununua ringi, maana ringi ya matundu 36 kwenye habu ya 40 ni hasara.

Tahadhari moja ambayo imewaliza hata mafundi: toa friwili kwanza, ndipo ukate spoku. Ukikata spoku zote na friwili bado imo kwenye habu, hutakuwa na gurudumu la kushikia wakati wa kuifungua, na kuifungua itakuwa shughuli ya siku nzima.

Ringi ya chuma au ya alumini?

Kwa mtu wa pwani, alumini. Haili kutu ile nyekundu, ni nyepesi, na breki za raba huishika vizuri zaidi ikilowa. Ringi ya chuma yenye kromu wakati wa masika huteleza kama sahani yenye sabuni. Sifa ya ringi ya chuma ni kwamba ikigonga shimo inapinda, na fundi ataigonga irudi. Ya alumini ikipinda vibaya hupasuka. Mwenye breki za fimbo hana uchaguzi, kwani raba zake hushika upande wa ndani wa ringi, na ringi lazima iwe ya umbo lile.

Ekseli ya nyuma imekatika mara ya tatu mwaka huu.

Aghalabu tatizo halipo kwenye ekseli. Tazama kama zile pembe za fremu zinazoishika zimekaa sambamba. Fremu iliyogongwa huikunja ekseli hata ukiikaza kwa nguvu zote. Halafu nunua ekseli nzima ya chuma, si ile yenye tundu katikati, na ubadilishe koni (zile nati za mviringo zinazobana gololi) na gololi papo hapo. Gololi za nyuma kwa kawaida ni robo inchi, tisa kila upande. Za mbele 3/16, kumi kila upande. Usichanganye kongwe na mpya, kwa sababu mpya ni kubwa kwa unywele na ndizo zitakazobeba uzito wote.

Grisi ya habu itafute kwa wauza vifaa vya mashine za boti. Grisi ya majini imetengenezwa ivumilie maji ya chumvi, na kwa kazi yetu naiona bora kuliko ya magari.

## Cheni, pedeli na kotapini

Cheni inaruka nikikanyaga. Nibadilishe cheni tu?

Ipime kwanza. Kutoka pini moja hesabu pini 24 mbele yake: cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 na baskeli yako ina gia nyingi, badilisha. Baskeli ya gia moja inaweza kungoja mpaka izidi kwa 1/8. Ukichelewa, meno ya friwili nayo yatachongeka kama mapezi ya papa, na cheni mpya juu ya meno hayo ndiyo itaruka vibaya zaidi. Hapo unabadilisha vyote viwili.

Cheni ya gia moja huwa na upana wa ndani wa inchi 1/8, ya gia nyingi ni 3/32. Nyembamba haikai kwenye meno manene. Na ukifunga klipu ya cheni, upande wake uliozibwa utazame inakoelekea cheni. Ukiugeuza, jiwe moja litaing'oa.

Nitie mafuta gani?

Si mafuta ya kula. Yananata, yanashika mchanga. Oili chafu ya gari nayo ni ya bure kwa sababu imejaa unga wa chuma na masizi, na tumeshasema cheni inakufa kwa kusagwa. Oili mpya ya injini, tone moja kwa kila kiungo, uzungushe, kisha ufute kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu. Mafuta yanayofanya kazi ni yale ya ndani, ya nje huita vumbi tu. Ile dawa ya kupuliza inayolegeza nati ni ya kulegeza nati.

Kotapini zinalegea kila wiki, pedeli inalia ko, ko, ko.

Kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedeli kwenye ekseli, ikilegea mara moja ukaendelea kupanda, imeshaliwa. Kuikaza nati hakutaiponya. Nati haikazi kotapini, inaizuia isitoke. Kinachoikaza ni nyundo, huku upande wa chini umeegemezwa kitu kizito, ili pigo lisiende kwenye gololi.

Pima unene: nyingi ni milimita 9.5, zipo pia za 9. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 itaingia kwa raha na kutoka kwa raha. Ule uso wake uliolazwa upige tupa kidogo kidogo mpaka ukae wote juu ya ekseli. Mbili ziingie zikielekeana kinyume, vinginevyo mikono haitakaa mstari mmoja na utakanyaga kama mtu anayechechemea. Panda siku mbili, zigonge tena, kaza nati. Za chuma laini ukiziuma kwa tupa zinachongeka kama sabuni. Hizo mrudishie mwenye duka.

Pedeli ya kushoto nimeikaza mpaka nimeharibu hesi.

Ya kushoto ina hesi ya kinyume. Kanuni isiyosahaulika: spana ikiwa juu ya pedeli, kuivuta kuelekea mbele ya baskeli ni kukaza, kuelekea nyuma ni kufungua, pande zote mbili. Mkono wa chuma ukiharibika hesi, fundi mwenye bomba la hesi anaweza kuuokoa. Wa alumini ubadilishe. Kuzungushia kipande cha kopo la soda kutakufikisha nyumbani, hakutakufikisha kesho.

Friwili inazunguka bure mbele na nyuma.

Vile vijino vya ndani vimegandana kwa uchafu. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa huku unazungusha mpaka yatoke masafi, yaache yakauke, kisha oili nyepesi. Usitie grisi humo, ndiyo iliyovigandisha. Ikiendelea, nunua nyingine, na kabla ya kununua tazama aina ya matundu ya kufungulia, uwe na hakika fundi ana funguo yake. Isiyo na funguo hufunguliwa kwa tindo, na tindo huacha majeraha.

## Breki

Naishi Pemba, kwenye vilima. Nichague breki ipi?

Mbili, za magurudumu yote mawili, zinazofanya kazi. Nasema hivi kwa sababu nusu ya baskeli ninazoletewa zina moja, na nyingine inashikwa kwa kandambili. Breki ya kukanyaga nyuma haitaki raba wala waya, inafaa sana, lakini inategemea cheni: cheni ikichomoka mteremkoni, breki imekwenda nayo. Kwa hiyo iwe na mwenzake mbele.

Waya za breki nunua za stenlesi, na ganda lake ulitie oili kabla ya kupitisha waya. Waya wa kawaida pwani hushika kutu ndani ya ganda, na hujui mpaka ukatike mkononi.

Breki ya nyuma ya baskeli ya Kijapani inapiga kelele. Nitie mafuta?

Usithubutu. Ile ni breki ya mkanda unaokamata ngoma, na mafuta yataunyamazisha pamoja na kuua breki. Ifungue, safisha ngoma, upige mkanda msasa. Itarudi kulia baada ya muda. Ndiyo tabia yake.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Fremu imepasuka. Ichomelewe?

Ya chuma, ndiyo, ikiwa ufa uko kwenye bomba na mchomeleaji ana mkono mwepesi. Moto mwingi hutoboa bomba jembamba. Ya alumini, wachomeleaji wa mageti hawana mashine yake. Uma wa mbele usichomelewe kabisa, uwe wa chuma au wa chochote. Uma ukikatika hupati nafasi ya kuruka.

Bomba la kiti limegoma kutoka.

Hasa likiwa la alumini ndani ya fremu ya chuma: metali mbili, chumvi katikati, zinashikana kama zimechomelewa. Tia dawa ya kulegeza nati kwa juu, kisha geuza baskeli utie kutokea chini, uiache usiku mzima. Asubuhi zungusha kiti kushoto na kulia, usivute juu kwanza. Likitoka, paka grisi kabla ya kulirudisha, na kila masika yakiisha lichomoe ulipake tena.

Nachuuza samaki. Gurudumu la nyuma linaoza ndani ya miezi.

Maji ya samaki yanadondoka juu ya friwili, cheni na spoku kila siku. Hakuna spea itakayoshinda hilo. Tandika karatasi ya nailoni nzito chini ya tenga ining'inie pembeni, maji yatiririkie nje ya gurudumu. Ukimaliza kuuza, mwagia maji baridi ya kisima kutoka juu, usielekeze kwenye habu kwa nguvu, kisha futa na utie oili kama ilivyoelezwa kwenye swali la mafuta. Madigadi ya plastiki hapa yanashinda ya bati.

Baskeli ilianguka baharini wakati wa kupakia chomboni. Imekwisha?

Ukiwahi, haijaisha. Ioshe kwa maji matamu mengi siku ile ile, isilale. Kesho yake fungua kila penye gololi: habu mbili, ekseli ya katikati, shingo ya usukani na pedeli. Upande wa cheni wa ekseli ya katikati, kwenye baskeli za hesi ya Kiingereza, kikombe hufunguliwa kwa kugeuza kinyume, kama pedeli ya kushoto. Safisha kwa mafuta ya taa, grisi mpya, gololi mpya kama zimepata madoa. Bomba za fremu ziache baskeli ikiwa imepinduliwa juani mpaka zikauke, kisha mimina oili kidogo kupitia tundu la kiti na uinamishe huku na huku. Mteja mmoja alingoja wiki akiona inazunguka vizuri. Tulitoa gololi kwa patasi.

Spea haipo Pemba. Nimwagizeje mtu wa Unguja?

Usimwambie "kaniletee ekseli". Mtumie picha ya spea ikiwa juu ya rula, namba ya ubavuni kama ni tairi, idadi ya matundu kama ni ringi au habu, na kwa spoku mtumie yenyewe kwa mtu anayepanda boti ya Mkoani. Mwambie pia kama hakuna ya kipimo hicho asinunue inayokaribia. Spea zinazokaribia ninazo boksi zima chini ya benchi, na wenyewe hawajarudi kuzichukua.